Je, 1,000,001 ni namba tasa?

Swali: Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Igoma, Mwanza. Wanafunzi wangu wameigawa 1,000,001 kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97, na kila mara pamepatikana baki. Je, tuihesabu kuwa namba tasa?

Jibu: Hapana, Mwalimu. Kigawo chake cha kwanza ni 101, namba tasa inayofuata mara tu baada ya 97 mlipoishia: 101 × 9,901 = 1,000,001. Vijana wako hawakukosea kugawa, ila walisimama mapema. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa kuwa vigawo viwili vinavyozidi kipeuo hicho vikizidishwa huipita namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 1,000,001 kinazidi 1,000 kwa kiasi kidogo sana, hivyo kabla ya kuiita tasa ingebidi kuzijaribu namba tasa zote 168 zilizo chini ya 1,000.

Kwa bahati nzuri, tarakimu zenyewe hupunguza kazi. Igawe namba katika mafungu ya tarakimu mbili mbili kuanzia kulia, yaani 01, 00, 00 na 1, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana: 1 − 0 + 0 − 1 = 0. Jibu likiwa 0, namba inagawanyika kwa 101, kwa sababu 100 ni pungufu ya 101 kwa 1 tu. Ukitumia mafungu ya tarakimu tatu tatu utapata 1 − 0 + 1 = 2, na hilo ndilo baki unapogawa kwa 7, kwa 11 na kwa 13, kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001.

Jasho la wanafunzi halikupotea, na hapa ndipo ninapopenda zaidi swali lako. Kwa kuwa 1,000,001 haigawanyiki kwa namba tasa yoyote hadi 97, 9,901 nayo haiwezi kugawanyika kwa namba hizo. Na kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 100, tayari mmethibitisha kwamba 9,901 ni tasa.

Basi vigawo vya 1,000,001 ni vinne tu: 1, 101, 9,901 na yenyewe. Vile vitatu vya mwanzo vikijumlishwa hutoa 10,003, chini mno ya namba yenyewe, kwa hiyo imo katika kundi la namba pungufu.

Tena ni jumla ya vipeo vya pili kwa njia mbili: 1,000² + 1² na 980² + 199². Namba yenye njia mbili za namna hiyo kamwe haiwi tasa, na mwanahisabati Euler alitumia kanuni hiyo kuivunja 1,000,009, ambayo ni 1,000² + 3² na pia 972² + 235², akapata 293 × 3,413. Wape darasa hiyo, pamoja na 1,000,003, ambayo ni tasa kweli.