Maswali ya Wasomaji: Mlichi Unaonawiri Bila Kuchanua

SWALI: Nilipanda mlichi, mti wa matunda ya lichi, kwa mbegu miaka minane iliyopita. Umenawiri sana, naumwagilia kila siku na kuutilia mbolea mwaka mzima, lakini haujawahi kutoa hata ua moja. Je, yawezekana ni mti dume?

JIBU: Ondoa shaka kuhusu udume, kwa kuwa mlichi mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike katika shada lilelile, na nyuki ndio wanaofanya kazi ya uchavushaji. Umri ni sababu ya kweli zaidi: mlichi uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa, na hata ukizaa, matunda yake huenda yasifanane na yale ya mama yake. Ndiyo maana wakulima wengi huotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini: hubandua pete ya gome yenye upana wa sentimita 3 hivi, wakaifunika kwa moss (mimea midogo laini inayoshika maji) yenye unyevu na kuifunga kwa nailoni, kisha hulikata tawi mizizi ikishajaa, baada ya miezi miwili au mitatu. Mche wa namna hiyo huweza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni matunzo yenyewe. Asili ya mlichi ni kusini mwa China na kaskazini mwa Vietnam, ambako kipupwe huwa na ubaridi na mvua chache, na mti huo umezoea kupumzika wakati huo. Ndugu yake mshokishoki hustawi katika joto la mwaka mzima; mlichi sivyo. Unahitaji wiki kadhaa za usiku wenye nyuzijoto zisizozidi 15 hivi za Selsiasi, na ubaridi huo uukute ukiwa na machipukizi yaliyokomaa. Chunguza ncha za matawi kabla ya kipupwe kuanza: majani machanga huwa laini, yenye rangi ya shaba na yanayoning'inia, ilhali yaliyokomaa huwa magumu na ya kijani kibichi iliyokolea. Ukikuta shaba imetapakaa mti mzima wakati baridi inapoingia, usitarajie maua mengi msimu huo, kwa sababu nguvu yote imeelekea kwenye majani.

Kwa hiyo, mti ukishakomaza machipukizi yake, acha mbolea yenye nitrojeni, na punguza maji mpaka utakapoona mashada ya maua yakijitokeza. Hapo ndipo urudishe maji kwa ukamilifu, na usiyakatize tena mpaka mavuno, maana ukame unaofuatwa na maji mengi kwa ghafla hupasua maganda ya matunda. Ikiwa mahali ulipo hapana ubaridi kabisa, nakuambia wazi kwamba mlichi huenda ukabaki mti wa kivuli, na kivuli chake ni kizuri kweli.

SWALI: Majani ya mche wangu wa mlichi ulio kwenye chungu yanakauka nchani. Je, niongeze mbolea?

JIBU: La, tafadhali usiongeze. Mizizi ya mlichi huumizwa upesi na chumvi, na mara nyingi ncha zilizokauka ni dalili ya mbolea kuzidi, maji yenye chumvi au upepo mkavu. Mwagilia maji mengi ya mvua mpaka yatiririke chini ya chungu, uukinge mche na upepo, na utandaze majani makavu juu ya udongo bila kugusa shina. Mlichi hupenda udongo wenye asidi kiasi, kati ya pH 5 na 6.5, kwa hiyo usitie majivu wala chokaa bila kupima.

SWALI: Nilichuma lichi zikiwa bado za kijani ili ziivie ndani. Mbona zimebaki chachu?

JIBU: Lichi haiivi baada ya kuchumwa. Subiri mpaka ganda libadilike rangi, vijipele vyake vianze kuwa bapa, kisha uonje moja kabla ya kuvuna. Kata kichala kizima kwa mkasi badala ya kung'oa tunda mojamoja, kwa kuwa ganda lililochanika kikonyoni huoza mapema. Zihifadhi mara moja kwenye jokofu, ndani ya mfuko. Zikiachwa wazi kwenye joto, maganda hugeuka kahawia kwa siku mbili au tatu tu, ingawa nyama ya ndani huwa bado inalika.