Maswali ya Wasomaji: Rais mwanamke ni wa nchi ndogo tu?

SWALI: Mhariri shikamoo. Juzi kijiweni tumebishana weee, kuna jamaa kashikilia kwamba wanawake wanapewa urais kwenye vinchi vidogo kama Iceland na Malta kwa sababu huko rais kazi yake kukata utepe tu. Nilikosa la kumjibu. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa yako kashika robo tu ya ukweli. Ni kweli Iceland serikali inaendeshwa na waziri mkuu, ila rais akigoma kusaini sheria inapelekwa kwa wananchi waipigie kura, sasa hiyo sio kazi ya utepe.

Na Vigdís Finnbogadóttir, rais wa kwanza mwanamke wa Iceland, hakupewa urais na mtu. Mwaka 1980 aligombea na wanaume watatu, akapita na kama theluthi ya kura, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais na wananchi wenyewe. Alikuwa ameachika, analea mtoto wa kuasili peke yake, na alishakatwa titi kwa kansa. Kwenye kampeni kuna mtu akamchokonoa na hilo la titi, akajibu kwamba yeye hana mpango wa kulinyonyesha taifa! Huyo mama mi namheshimu mno, kakaa madarakani miaka 16.

Ila mwambie jamaa chanzo sio udogo wa nchi. Ijumaa ya tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake kama 90% wa Iceland waligoma kila kitu, ofisini hawaendi, jikoni hawaingii, watoto hawaguswi, viwanda vya samaki vikasimama, shule na chekechea zikafungwa, kina baba wakabeba watoto kwenda nao kazini na soseji zikaisha madukani maana ndo chakula rahisi cha kupika. Siku moja tu hiyo, na nchi nzima ikaona nani anaibeba. Vigdís mwenyewe alisema bila siku ile asingekuwa rais.

Malta ni kweli Agatha Barbara aliwekwa na bunge mwaka 1982, lakini huyo alikuwa mbunge tangu 1947 na alishakuwa waziri, siasa alizijua kweli kweli.

Halafu mwulize jamaa kuhusu Iceland ya sasa. Agosti 2024 kaapishwa Halla Tómasdóttir, rais wao wa pili mwanamke, na Desemba hiyohiyo Kristrún Frostadóttir akawa waziri mkuu, kile kiti chenye serikali yenyewe.