Kisigino cha Mawe Matatu

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mbunifu wa mavazi, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Ninaandaa onyesho, na nimebuni viatu vyenye kisigino cha sentimita 18 kilichochongwa kwa mninga mfano wa mawe matatu yaliyobebana, kama yale ya Bismarck yaliyo ziwani hapa Mwanza. Fundi wa mtaani alichukua viatu vya mtumba vyenye kisigino cha sentimita 7, akavikata visigino na kubandika mawe yangu kwa supa gluu. Katika majaribio mwanamitindo alipiga hatua nne, kisigino cha kulia kikang'oka. Fundi anasema tupitishe nondo katikati na kuongeza gundi, kwa kuwa ni viatu vya jukwaani, vya dakika tatu tu. Je, nondo ya milimita ngapi itafaa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nashukuru kwamba kisigino kiling'oka katika majaribio na si mbele ya watu. Nondo haitakusaidia, iwe ya milimita 6 au ya 12, kwa sababu kilichoshindwa si mninga wala gundi peke yake. Kilichoshindwa ni mstari wa uzito, na mstari huo ulipotea pale fundi wako alipopitisha msumeno kwenye kisigino cha mtumba.

Kila kiatu huundwa juu ya kalibu, yaani lile umbo la mguu la mbao au plastiki ambalo ngozi huvutwa juu yake, na kila kalibu huchongwa kwa kimo kimoja cha kisigino. Kalibu ya sentimita 7 ina mteremko wake, na pua yake imeinuka kidogo kutoka sakafuni ili mvaaji asijikwae. Ukiinua nyuma hadi sentimita 18, kiatu chote kinainamia mbele: pua inabanwa chini, mguu unateleza kuelekea vidoleni, na kisigino kilichokuwa wima kinalala hata ncha yake ikasogea nyuma. Uzito wa mwili sasa unatua mbele ya ncha hiyo, na kila hatua inakisukuma kisigino nyuma mpaka kiachie. Nondo ingekizuia kisivunjike hapo, kisha soli ingepasuka, au kifundo cha mguu wa binti wa watu kingeteguka.

Uliyatazama mawe ya Bismarck kwa macho ya msanii. Sasa yatazame kwa macho ya mwashi. Hayakubandikwa kwa chochote, nayo yamesimama kwa sababu uzito wa jiwe la juu unatua ndani ya kikalio cha lililo chini yake. Chukua uzi, funga nati, uutumie kama timazi: ushikilie kwenye kitovu cha sehemu inayokaliwa na kisigino cha mguu, uone nati inaning'inia wapi. Isipotua juu ya ncha, mchoro wako bado haujawa kiatu.

Kinachoniumiza zaidi ni hilo neno la dakika tatu, ambalo nalisikia karibu kila msimu wa maonyesho. Kiatu cha jukwaani kinahitaji hesabu kali kuliko cha ofisini, kwa kuwa mvaaji hakukichagua, hajakizoea, hatazami chini, na anapaswa kugeuka ghafla huku taa zikimpiga machoni. Naomi Campbell alikuwa mwanamitindo mzoefu alipoanguka jijini Paris mwaka 1993 ndani ya viatu virefu vya mbunifu Vivienne Westwood, na viatu hivyo vilitengenezwa kwa ustadi mkubwa; leo vimehifadhiwa London katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Ikiwa yeye alianguka, sembuse binti aliyepewa mtumba uliobandikwa kwa supa gluu, gundi ambayo ikikauka huwa kavu kama kioo na haivumilii mshtuko?

Mwaka 2009, huko huko Paris, mbunifu Alexander McQueen alionyesha viatu vilivyopewa jina la armadilo, mnyama wa Amerika mwenye magamba kama kakakuona wetu, navyo vilikuwa na kimo cha karibu sentimita 30. Baadhi ya wanamitindo walikataa kuvivaa, na walikuwa na haki. Wengi wanaoviona pichani hudhani ule uvimbe wa juu ya vidole ni pambo, kumbe humsaidia mvaaji kuinua kiatu kizito anapotembea.

Kwa kiatu chako, anza na soli ya mbele. Ukiipa unene wa sentimita 8, mguu utainuka sentimita 10 tu, na watazamaji bado wataona 18. Kwa kuwa soli nene haikunjiki, ichonge mviringo chini ya vidole ili kiatu kibiringike. Tafuta kalibu ya kimo hicho cha 10. Chini ya upinde wa wayo weka ukanda wa chuma cha springi wenye mfuo katikati, uanzie juu ya kisigino na kuishia kabla ya maungio ya vidole. Nyuzi za mninga ziende kutoka juu hadi chini, kwa maana zikilala mlalo kisigino kitakatika kama biskuti. Kifungwe kwa skrubu itokayo ndani ya kiatu, ipite kwenye ukanda na kuingia katikati ya mbao, pamoja na misumari pembeni. Ukishafika hapo, nondo ya kuunganisha mawe matatu itakuwa na kazi ya maana.

Chuma cha springi kikikosekana, kuna njia ya Salvatore Ferragamo, fundi viatu wa Italia. Baada ya Italia kuivamia Uhabeshi mwaka 1935 na kuwekewa vikwazo, chuma kizuri kiliadimika na kanda za viatu vyake zikawa zinavunjika. Akaijaza nafasi yote kati ya kisigino na soli kwa magome mepesi yanayotengenezewa vizibo vya chupa. Mawe yako pia yanaweza kuchongwa kama mwamba mmoja ulioenea hadi mbele.

Nawaambia pia mabibi harusi na wahitimu wanaopeleka viatu "vikaongezwe kimo kidogo". Mwezi uliopita nilipasua kwa msumeno kiatu kimoja cha namna hiyo, na ndani nikakuta kipande cha kadi kilichokunjika mara mbili na misumari mitatu iliyopinda. Mwenyewe alikuwa amelipia, tena kwa kushukuru. Kabla ya kulipa, weka kiatu juu ya kioo cha meza, ubonyeze kwa kidole gumba mahali pa kisigino. Kikiyumba, usikivae, na fundi akisema kitazoea mguu, chukua kiatu chako uondoke.