Chuo hakikutafuti LinkedIn

SWALI: Shikamoo daktari. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapa Iringa, nasubiri matokeo. Kaka mmoja wa steshenari anatutengenezea profaili za LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, kwa shilingi 60,000. Anasema vyuo vya udaktari siku hizi vinachungulia huko kabla ya kuchagua. Mimi ameniandikia "Daktari Mtarajiwa, Mtafiti wa Afya ya Jamii". Mama anauliza kama atoe hela.

JIBU: Marahaba. Mwambie mama asitoe.

Huku Mbeya, matokeo yakikaribia, swali hili linanijia kila wiki, kinachobadilika ni bei tu. Kinachonikera si LinkedIn yenyewe. Ni hii imani kwamba kuna mtu amekaa ofisini chuoni anakutafuta mtandaoni usiku. Hayupo. Ukiomba shahada ya udaktari hapa nchini unajaza namba yako ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, na alama zako zinatoka Baraza la Mitihani. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Mwenye B ya kemia, B ya baiolojia na C ya fizikia ana 11, na anapangwa na wenzake kwa hizo. Hakuna mahali pa kubandika profaili. Ungekuwa na wafuasi elfu kumi, fizikia ikiwa F imebaki F.

Kufungua akaunti ni bure, ukishatimiza miaka 16. Itakufaa mwaka wa nne au wa tano, ukitafuta msimamizi wa utafiti au ufadhili wa shahada ya pili, maana hapo utakuwa na cha kuandika. Sasa hivi una nini? Utafiti gani umefanya, mwanangu? Futa hilo neno leo. Na "daktari", hata ukilitanguliza kwa utani, lina sheria yake: ni la aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, baada ya miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Binti mmoja alinionyesha profaili yake kwa furaha: koti jeupe la kuazima, stethoskopu shingoni, na nyuma yake mgonjwa kitandani, sura yote inaonekana. Yule mama kitandani hakuulizwa. Nilimfutisha picha palepale.

Lakini huyo wa steshenari ni mdogo. Wakubwa wanakuja baada ya profaili. Mtu anakuandikia humohumo, kwa Kiingereza kizuri, kwamba chuo cha nje kimevutiwa na wewe, nafasi ya udaktari ipo, tuma ada ya kushikilia kiti. Mzazi anauza shamba la miti. Kabla ya kumlipa wakala yeyote, uliza TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama wanamtambua, na kama chuo chenyewe wanakitambua, kwa sababu ukirudi na shahada isiyotambulika Baraza la Madaktari halikusajili, na miaka imeshapita. Chuo makini hakimwombi mwanafunzi hela kwa ujumbe wa LinkedIn. Anayekuuzia "udahili wa uhakika" ni tapeli, awe na tai au asiwe nayo.

Kuna jambo moja la steshenari ambalo lingenitia wasiwasi zaidi kama ningekuwa mama yako. Wengi mnaombewa vyuo pale, na huyo kijana wa steshenari anajaza namba ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, na siku zina mwisho. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kijana, wewe hujui. Tumia laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako. Ukiitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), mwachie mama hiyo laini ikiwa na chaji, na umweleze asiifute meseji ya chuo akidhani ni ya bahati nasibu.