Kiambaza cha laka cha Kichina: anza na mgongo

Ukiambiwa kiambaza cha kukunja cha Coromandel (vibao vya mbao vilivyounganishwa kwa bawaba na kupakwa laka, rangi ngumu inayong'aa) kiliwahi kusimama kwenye jumba la mfalme, kigeuze kwanza. Nakarabati fanicha za kale hapa London, na simulizi la muuzaji silipi uzito kabla sijaona mgongo.

Vingi vilitengenezwa China enzi ya mfalme mkuu Kangxi (1662–1722), vikafika Ulaya kwa meli kupitia pwani ya Coromandel, India. Baadhi vilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ya afisa au mzee wa heshima, ndiyo maana nyuma utakuta maandishi marefu ya pongezi. Yanasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tarehe na majina ya waliotoa zawadi kwa kawaida huja mwishoni, kwenye kibao cha kushoto kabisa. Sasa hesabu vibao. Kiambaza kamili mara nyingi kina 12. Ukikuta pungufu, pitisha kidole kwenye ukingo wa kibao cha mwisho: matundu ya bawaba yaliyozibwa yanakuonyesha kuwa kuna kibao kilichofuata, huenda ndicho chenye tarehe. Wazungu walivikata vingi wakatengenezea makabati.

Tarehe ikiwepo, mpelekee anayesoma Kichina cha kale. Majina ya miaka ya kalenda ya Kichina hujirudia kila baada ya miaka 60, na Kangxi alitawala zaidi ya hapo. Mwaka uitwao renyin wa enzi ya Kangxi unaweza kuwa 1662 au 1722.

Kisha tafuta alama za njiani: lebo ya msafirishaji, muhuri wa forodha, namba nyeusi ambazo nyumba ya mnada ya Christie's ilikuwa ikipiga nyuma ya bidhaa zake. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Herufi zilizofunikwa kwa rangi huinuka zikasomeka. Inaniuma sana kukuta mgongo uliosuguliwa ukang'aa, kwa sababu ushahidi huo haurudi. Usiruhusu mtu aufute hata vumbi kabla hujapiga picha.

Namba ya mnada ikipatikana, iandikie nyumba ya mnada yenyewe, au kapekue katalogi za zamani kwenye maktaba ya sanaa ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A), London.

Kama kilikuwa Ulaya, dai karatasi za umiliki za 1933 hadi 1945, miaka ambayo Wanazi walipora mali za familia za Kiyahudi. Zikikosekana, usitoe hata arubuni mpaka Art Loss Register wakiangalie kwenye orodha yao ya vitu vilivyoibwa.