Barua kwa mwanangu: Kama yametimia, tunangoja nini?

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa nyumbani, baba yako anakusalimu. Umeniuliza mambo mawili. Mwenzako wa kazini amekupa makala isemayo kwamba maneno ya Yesu kuhusu siku za mwisho yalitimia yote mwaka 70, Warumi walipouangusha Yerusalemu, na huku mhubiri wenu kila Jumapili anasoma Mathayo 24 sambamba na taarifa ya habari ya Mashariki ya Kati. Unataka kujua nani yuko sahihi, na kama yametimia, tunangoja nini. Halafu unauliza kama umwambie mhubiri.

Nimefundisha Historia miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa njia niliyoizoea: nani anasema, anasema na nani, na ameulizwa nini. Wanafunzi wamemwonyesha Yesu majengo ya hekalu, naye amewaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe. Wanapanda Mlima wa Mizeituni, hekalu liko mbele yao ng'ambo ya bonde, wanamuuliza: mambo hayo yatakuwa lini? Mambo gani? Kubomolewa kwa jengo wanalolitazama. Kama jibu lote lilihusu vita vya karne ya ishirini na moja, basi watu wale waliulizia nyumba yao wakajibiwa habari za nyumba ya jirani ambaye hajazaliwa.

Tena angalia maagizo yenyewe. Walio katika Uyahudi wakimbilie milimani. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu vyake. Ombeni kukimbia kwenu kusiwe wakati wa baridi wala siku ya sabato. Mtu wa Moshi atayafuataje hayo? Luka anasema wazi zaidi: mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi, jueni kwamba uharibifu wake umekaribia. Kisha kwenye Mathayo 24 unakuja mstari wa 34: kizazi hiki hakitapita hata hayo yote yatimie. Najua wapo wanaosema "kizazi" hapo ni taifa zima la Wayahudi. Rudi nyuma kidogo tu, sura ya 23 mstari wa 36, uone maneno hayohayo waliambiwa akina nani. Waliambiwa waandishi na Mafarisayo waliokuwa wamesimama palepale.

Sasa sikia kilichotokea. Mwaka 66 Wayahudi waliasi. Cestius Gallus, gavana wa Kirumi wa Shamu, akaja na jeshi mpaka kwenye kuta za Yerusalemu, halafu akageuza akaondoka bila sababu inayoeleweka, na waasi wakamshambulia njiani. Mwaka 67 jemadari wa Kirumi Vespasian akaanza upya kutoka Galilaya. Kaisari Nero akafa mwaka 68, Roma ikaparaganyika, na mwaka 69 peke yake ukapitia makaisari wanne, wa mwisho akiwa Vespasian mwenyewe. Mwanawe Titus akauzingira mji mwaka 70, karibu na Pasaka, wakati umejaa mahujaji. Hekalu likateketea mwezi wa nane, na mwezi uliofuata mji wote ulikuwa umeanguka. Kama Yesu alisema maneno yale karibu na mwaka 30, hesabu mwenyewe kama kizazi kile kilikuwa kimepita.

Haya tunayapata hasa kwa Josephus, Myahudi aliyekuwa kamanda Galilaya, akatekwa na Warumi na kuandika akiwa upande wao. Hakuwa Mkristo, hana sababu ya kumsaidia Yesu. Anasimulia makundi ya waasi ndani ya mji yakipigana yenyewe kwa yenyewe na kuchoma maghala ya nafaka, njaa ikawa kali mpaka mama mmoja akamla mwanawe. (Mimi ukinisomea "ole wao wanyonyeshao" siwezi tena kuisikia kama ishara ya mambo ya mbali.) Idadi zake za waliokufa wanahistoria wengi wanaona amezikuza, lakini mawe hayadanganyi: chini ya Ukuta wa Magharibi wa uwanja wa hekalu wachimbaji walikuta mawe makubwa yakiwa bado yamelala juu ya barabara yaliyoiangukia. Na Roma kuna Tao la Titus, limechongwa askari wakibeba kinara cha taa cha hekalu.

Utaniuliza: na jua kutiwa giza, na nyota kuanguka? Fungua Isaya 13. Nyota hazitoi nuru, jua linatiwa giza, na kichwa cha unabii ni Babeli, iangukayo mbele ya Wamedi. Ezekieli 32 anasema hivyo juu ya Farao. Manabii ndivyo walivyosema dola inapoangushwa, na waliomsikiliza Yesu walilelewa kwa maandiko hayo. Sisi ndio tuliokuja tukatafuta darubini.

Mtu wa chuo kikuu atakuambia Mathayo na Luka ziliandikwa baada ya mwaka 70, kwa hiyo unabii ulitungwa baadaye. Wataalamu wengi wanaziweka huko, sikufichi. Ila anayetunga baada ya tukio ana haja gani ya kuwaambia watu waombe isiwe wakati wa baridi, ilhali mji ulianguka kiangazi?

Hapo nakubaliana na makala yako. Tunaachana inapobeba kila kitu kwenye kapu hilo moja. Ufunuo, kwa mfano. Ni kweli jina Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania, kila herufi ikihesabiwa kama namba, linatoa 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, na nakala chache za kale zina 616, ambayo inapatikana ukiliandika kwa namna ya Kilatini. Mimi naona Nero yumo. Lakini Irenaeus, askofu wa karne ya pili, anasema maono yalionekana karibu na mwisho wa utawala wa Kaisari Domitian, yaani miaka ya tisini, mji ukiwa umekwisha kuanguka zamani. Anayekuambia Ufunuo wote ni habari ya mwaka 70 lazima kwanza amjibu huyo. Tena hata usomaji huu una historia yake. Mmoja wa waliouendeleza ni Luis de Alcázar wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1614, wakati sisi Walutheri tulikuwa tunatangaza kwamba Mpinga Kristo ni Papa. Unaona ilivyowafaa Wakatoliki mnyama awe Kaisari aliyekufa zamani!

Na ufufuo, hapana. Paulo anawataja Himenayo na Fileto waliosema kiyama imekwisha kuwapo, wakapindua imani ya watu. Makaburi ya bibi na babu yako yako pale shambani, hayajafunguka. Mathayo 24 mwenyewe kwenye mstari wa 36 anahamia kwenye siku ile ambayo hakuna aijuaye, na hiyo ndiyo tunayoingoja: Bwana kuja kuwahukumu walio hai na wafu, kama tunavyokiri kila Jumapili. Sioni kuanguka kwa Yerusalemu kunaipunguzia nini.

Kuhusu mhubiri. Josephus anasimulia kwamba hekalu lilipokuwa linawaka, nabii mmoja wa uongo aliwaambia watu wapande huko wapokee ishara za wokovu. Watu kama 6,000, wakiwemo wanawake na watoto, wakateketea barazani. Niliposoma hapo nilikumbuka wafuasi wa wahubiri wa mwisho wa dunia waliokufa Kanungu kule Uganda, mwaka 2000, na Shakahola kule Kenya, ambako mwaka 2023 walifukua miili zaidi ya 400. Sisemi mhubiri wenu yuko huko, wengi wanasoma magazeti juu ya Biblia kwa nia njema tu. Mwone faragha baada ya ibada, si mbele za watu, umuulize Luka 21:20 ilitimia lini. Akikujibu tofauti na mimi, mshukuru, msibishane. Lakini siku akitaja mwaka, au akiwaambia watu wauze viwanja au waache dawa, usiogope kuonekana huna imani. Toka, na utoke na rafiki zako, kisha unipigie hata kama ni usiku.

Hiyo makala nitumie yote, si zile kurasa mbili ulizopiga picha. Nataka kuona anamjibuje Irenaeus.

Mama yako