Shiti safi kwenye skrini, ikiprintiwa inavurugika

SWALI: Habari za kazi mshauri. Natunza orodha ya vifaa vya ofisi kwenye Excel, mistari 180 na kolamu 9, na kwenye skrini iko safi kabisa, lakini juzi nimeiprinti kwa ajili ya kikao zikatoka kurasa 8, halafu 4 za mwisho zina kolamu moja tu ya Jumla, yaani jina la kifaa huku na thamani yake kule, watu wakawa wanashika karatasi mbili mbili kutafuta ipi inaendana na ipi. Niliona aibu sana. Nikajaribu kuibana yote ikae ukurasa mmoja, ikawa haisomeki hata kwa miwani. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo aibu naielewa, maana karatasi ikishafika mikononi mwa watu huwezi tena kuirekebisha. Ila shida yako ni kolamu moja tu. Skrini haina mwisho, unaenda kulia unavyotaka, lakini A4 ikisimama ina upana wa milimita 210 na hapo bado hujatoa nafasi za pembeni. Kolamu 8 zimeenea, ya 9 imekosa nafasi, na Excel isipoambiwa vingine inaprinti kwanza kushuka chini mpaka mistari iishe ndio inarudi juu kuchukua kilichobaki kulia. Ndio maana Jumla zote zimekuja nyuma peke yake.

Kabla hujagusa printa, nenda View, kisha Page Break Preview. Utaona mistari ya bluu imekata shiti yako: ile ya vipande vipande Excel imeiweka yenyewe, ile iliyonyooka bila kukatika imewekwa na mtu. Kwako wewe utaukuta mmoja umesimama kati ya kolamu ya 8 na ya 9. Hapo usikimbilie kubana, kwanza tafuta kolamu iliyoachwa pana bila sababu, mara nyingi ni ya Maelezo, kuna sentensi moja ndefu mahali fulani imeivuta yote, iwekee Wrap Text maneno yashuke chini halafu punguza upana. Ikigoma, laza karatasi upate milimita 297, ila ujue kurasa zitaongezeka kwa sababu urefu umepungua.

Kubana nako kuna namna yake. Wewe nadhani ulichagua Fit Sheet on One Page, na mistari 180 ikiingia ukurasa mmoja shiti inashuka mpaka kama asilimia 27 hivi, herufi za saizi 11 zinakuwa kama 3, nani atasoma? Chagua Fit All Columns on One Page, hiyo inabana mpaka kolamu zote zienee kwenye upana wa ukurasa basi, mistari inaachwa iendelee kurasa zinazofuata. Kama kolamu iliyozidi ni moja tu, herufi zitapungua kidogo na hakuna atakayegundua.

Halafu vichwa vya kolamu, tafadhali usivisahau, maana mtu akishika ukurasa wa 3 bila vichwa anaona namba tu. Ingia Page Layout, Print Titles, na kwenye Rows to repeat at top chagua mstari wa 1. Pitia hukohuko Page Layout, kwa sababu ukifungua Page Setup kutokea kwenye dirisha la kuprinti, hicho kiboksi kinakuwa kimezimwa na utadhani kompyuta imeharibika.

Mwisho bonyeza Ctrl na P, pitia ukurasa mmoja mmoja, sio wa kwanza tu. Angalia hasa kolamu za hela na tarehe: namba ikikosa nafasi inageuka kuwa ####, na inawezekana kwenye skrini ilikuwa imeenea vizuri tu, kwa hiyo iachie kolamu upana kidogo wa ziada. Ukikuta kurasa tupu zinafuata, bonyeza Ctrl na End uone Excel inadhani shiti yako inaishia wapi, huwa kuna seli mbali huko mtu aliacha nafasi au rangi bila kujua. Futa hiyo mistari na kolamu za ziada kisha sevu.

SWALI: Nimeongeza vifaa vipya 12 chini ya orodha, kwenye shiti vipo lakini kwenye karatasi havitoki. Kwa nini?

JIBU: Kuna mtu aliwahi kuweka Print Area, yaani sehemu ya shiti iliyochaguliwa iprintiwe peke yake, na hiyo inasevika pamoja na faili, kwa hiyo kila unachoongeza chini ya mpaka wake kinaachwa nje bila onyo lolote. Page Layout, Print Area, Clear Print Area. Kisha fungua tena Ctrl na P, nenda ukurasa wa mwisho, uone kama kifaa kipya cha 12 kipo.